Ndege Aliyekaribishwa kwa Plastiki

Fusae Komazawa alishikwa na hasira siku ya Jumanne, na kufikia Jumamosi hasira ile ilikuwa imeiva, imekolea chumvi, inasubiri kupakuliwa tu. Wahenga walisema hasira hasara. Ni kweli. Lakini wahenga hawakuwahi kuishi kitongoji kimoja na Mwenyekiti Tatsuoka.

Huyu Fusae ni dobi. Ana miaka sitini na mmoja, mikono imebabuka kwa sabuni, na mwaka mzima anafua mashuka ya hoteli ya maji moto iliyo chini ya mlima. Watu wa mjini wanakuja kuoga, kula, kulewa na kuoga tena, kisha wanaondoka wamepumzika. Uchovu wao wanauacha kwenye shuka, na shuka linakuja kwa Fusae. Likizo yake ni wiki moja tu, na haichukui mwaka mpya wala msimu wa maua ya cheri kama binadamu wengine. Anaichukua katikati ya Oktoba, mlima ukiwa umewaka wekundu na manjano kama jiko lililosahauliwa.

"Unakwenda wapi mwaka huu, dada?" humuuliza wenzake kazini.

"Kuangalia ndege."

Wao hutazamana wakacheka, kisha wanakwenda kupumzika kwenye hoteli nyingine ya maji moto, ya mlima mwingine, wakalale kwenye mashuka ya dobi mwingine.

Ndege mwenyewe wakulima wa zamani walimpa jina la mpanda-ngano, kwa sababu hupita wakati ngano inapopandwa. Ni mdogo, angeenea kwenye ngumi ya mtoto. Dume lake lina koti jeusi na kifua cha rangi ya chungwa, kama mzee aliyejimwagia supu ya karoti akakataa kubadili shati, na nyuma ya jicho lina mfuto mweupe, kana kwamba mchoraji alitafuta mahali pa kufutia brashi. Anatoka Siberia, anakwenda kusini kwenye nchi zisizojua theluji, na kwake mlima huu ni mgahawa wa njiani. Mgahawa wenyewe ulikuwa na chungu kimoja tu: mtambaazi, mmea mzee wa kutambaa uliokuwa umeupanda mwaloni mkubwa nyuma ya hekalu. Mtambaazi wa aina hiyo hauzai mpaka upande juu na kuzeeka. Hii mingine midogo midogo inayotambaa chini msituni ni majani matupu. Ule wa mwalonini ulikuwa mnene kama mkono wa mpiga mieleka, na kila Oktoba vitunda vyake vilipasuka vikatoa mbegu nyekundu zinazong'aa, na mpanda-ngano akashuka humo kama mtu aliyekosa chakula cha mchana.

Aliyemwonyesha Fusae ndege huyo ni mama mkwe wake, Bibi Towa, na hilo ndilo jambo jema pekee ambalo bibi yule aliwahi kumtendea. Bibi Towa alikuwa mwanamke wa kuonja supu ya mkaza mwana, kunyamaza, kuinuka, na kuongeza maji. Alifanya hivyo kila asubuhi, hadi kufa kwake. Lakini Oktoba moja alimshika Fusae mkono wa sweta, akamburuta hadi chini ya mwaloni, akamwambia, "Kaa. Funga mdomo. Tazama juu." Fusae akakaa. Ndege akaja. Tangu hapo wanawake wale wawili, ambao hawakuwahi kupikika chungu kimoja, walikuwa na wiki moja ya amani kila mwaka, wamekaa bega kwa bega kwenye viti vya kukunja, majani mekundu ya mti wa momiji yakiwaangukia mapajani, wakipokezana darubini bila kusema neno. Wakirudi nyumbani, supu iliongezwa maji kama kawaida.

Bibi alikufa. Mwanawe Hisao, mume wa Fusae, akamfuata mwaka uliofuata, si kwa huzuni bali kwa ini. Fusae akabaki na nyumba, darubini yenye jicho moja zima, na ile wiki. Kingine hana, na hakuwa anatafuta kingine.

Sasa sikiliza walichomfanyia.

Kitongoji kile kina msaragambo kila msimu wa majani mekundu. Kila nyumba inatoa mtu mmoja na chombo kimoja. Asiyetokea hasemwi, anaangaliwa tu, na kuangaliwa huko kunauma kuliko faini. Wanaume wanafyeka, wanawake wanapika. Mwaka huo Mwenyekiti Tatsuoka alikuwa amebuni Tamasha la Ndege na Majani Mekundu, maana wapiga picha wa mjini walishagundua mwaloni ule na walikuwa wanakuja na kamera zenye lenzi kama mizinga. Kwa hiyo njia ya msituni ilibidi ing'ae. Na wanaume wale, wana na wajukuu wa wakata mbao, wamefundishwa tangu wakinyonya kwamba mtambaazi mtini ni kupe kwenye ng'ombe: ukiuona, utoe. Walipofika kwenye mwaloni, wakaona kupe mkubwa kuliko wote waliowahi kuwaona. Wakamtoa. Walikuwa wanamwandalia mgeni karamu, wakaanza kwa kuvunja jiko.

Siku hiyo Fusae alikuwa kwenye sufuria kubwa ya supu ya nguruwe, pale kwenye uwanja wa hekalu. Wanaume waliposhuka wakiwa na majasho, aliwapakulia mmoja mmoja akiinamisha kichwa. "Poleni na kazi. Asanteni sana. Mitsuyo, muongeze Mwenyekiti nyama, leo amefanya kazi kweli." Aliyasema hayo kwa mdomo wake mwenyewe. Hata leo akiyakumbuka anasaga meno.

Jumanne, siku ya kwanza ya likizo, alipanda na kiti chake, chupa ya chai na tonge la wali lililofungwa kwa mwani. Akakaa. Akatazama juu. Majani ya mtambaazi yalikuwa yamejikunja. Vitunda, kabla hata ya kupasuka, vilikuwa vimenywea kama vidole vya mtu aliyekaa sana majini. Akashusha macho hadi kwenye shina lake. Pale chini kipande cha upana wa kiganja kilikuwa kimeondolewa kwa msumeno, safi kabisa, na hata unga wa mbao ulikuwa umefagiwa.

Umefagiwa! Hilo ndilo lililomtoa machozi. Mwuaji angalau angeacha uchafu.

Fusae alimkuta Tatsuoka nyumbani kwake, amekaa sakafuni kwenye mto, anamenya machungwa. Mwenyekiti huyu alisoma darasa moja na marehemu Hisao, kwa hiyo humwita Fusae shemeji, hasa anapokuwa na kosa.

"Ah, shemeji! Karibu. Chai?"

"Sikufuata chai. Nani amekata mtambaazi wa mwalonini?"

"Tulikata."

"Nyie nani?"

"Sisi. Kitongoji."

"Kitongoji hakina mikono, Mwenyekiti. Kuna mtu alishika msumeno."

"Tulipokezana, shemeji. Shina lilikuwa gumu kweli." Akaona uso wake, akaweka chungwa chini. "Ulikuwa unaukaba mti."

"Umeukaba tangu babu yako hajaota meno, na mti umesimama! Babu yako ndiye yuko wapi?"

Tatsuoka akainama hadi paji la uso likakaribia mkeka. "Tunajuta sana kwa usumbufu uliojitokeza."

"Mnajuta nyie wote?"

"Sote."

"Basi hakuna anayejuta."

Mwenyekiti aliinuka taratibu, akiwa na uso wa mtu aliyeshamaliza sehemu ngumu. "Usiwe na wasiwasi, shemeji. Jambo hilo tumeshalishughulikia." Akavuta boksi kutoka kabatini, akalifungua. Ndani kulikuwa na vitawi vya vitunda vyekundu vya plastiki, vile vya mapambo ya mwaka mpya, kutoka duka la kila kitu yeni mia. "Ijumaa tunapanda na ngazi, tunavifunga kwa waya kwenye ule mtambaazi mkavu. Kwa chini huwezi kujua. Mimi mwenyewe nilijaribu, nikasimama kwa mbali. Vinapendeza kuliko vya kweli."

"Na ndege?"

Tatsuoka alifikiri. Ilionekana wazi kwamba swali hilo halikuwa kwenye ajenda.

"Ndege," alisema mwishowe, "hajawahi kulalamika."

Fusae alitafuta kitu cha kutupa, akapata chungwa tu. Hakulitupa, maana alilelewa vizuri, na malezi mazuri ni gereza lisilo na mlinzi.

"Tafadhali, shemeji," Tatsuoka alisema kwa sauti ya chini. "Nyumba zote za wageni zimejaa. Ukweli ukitoka, tunaaibika sote. Na wewe ni wa hapa."

Njiani Fusae alimpitia Mitsuyo, mwenzake wa sufuria, akamwaga yote. Mitsuyo alimsikiliza huku akikata figili.

"Waache, dada. Wanaume wakikosea mmoja mmoja wanaita bahati mbaya. Wakikosea pamoja wanaita mila."

"Siwaachi."

"Utafanyaje? Utapiga kelele? Hapa?" Mitsuyo akacheka, na kicheko kikamwishia njiani alipoona kwamba mwenzake hacheki.

Jumatano na Alhamisi Fusae alikaa chini ya mwaloni na tonge lake mkononi bila kulila. Ndege hakuja. Tangu aolewe mlimani pale, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuomba asije. Apite juu kwa juu, aende kwenye mlima wa watu wenye akili. Ijumaa wanaume wakaja na ngazi na boksi na waya, wakamsalimia vizuri sana, wakafanya kazi yao huku yeye ameketi papo hapo, kama mafundi wanaopiga rangi ukuta paka akiwa amelala kando. Walipoondoka, waliondoka na ngazi.

Jumamosi ikafika na jua lake, na msitu ulikuwa mzuri kiasi cha kuudhi. Kila jani lilikuwa jekundu hadi kwenye mishipa. Chini ya mwaloni stendi za kamera zilikuwa zimejipanga toka alfajiri, miguu mitatu mitatu, kila moja na kipande cha utepe chenye jina la mwenyewe. Wapiga picha walivaa nguo za mabaka kama askari, na kamera zao nazo zilivaa mabaka, ingawa hakuna aliyewahi kusikia ndege anayeogopa kamera lakini haogopi wanaume sitini wanaonong'ona. Aliyeshika nafasi ya mbele alikuwa Daktari Ebisawa, daktari wa meno kutoka mjini, mwenye lenzi ambayo ungeweza kumlaza mtoto ndani yake.

Na kilikuwepo kikaragosi. Kila kitongoji siku hizi kina kikaragosi chake, kitu cha sponji chenye kichwa kikubwa, cha kupiga nacho picha, na cha kwao kilikuwa mpanda-ngano mwenye tumbo la chungwa na macho kama sahani. Kwa kuwa kijana wa mwisho wa kitongoji alishahamia Nagoya, aliyeingia ndani yake ni Mwenyekiti mwenyewe. Sheria ya vikaragosi wote wa nchi ile ni moja, na haijawahi kuvunjwa na mtu mwenye heshima zake: kikaragosi hasemi. Anapunga mkono, anatikisa kichwa, anacheza kidogo. Akisema, ameua ndoto ya watu.

Jua lilipogusa kilele cha mwaloni, mpanda-ngano akaja.

Alikuwa dume, mweusi ti, kifua kikiwaka kuliko majani yote yaliyomzunguka. Manyoya ya mkia yalikuwa yamechakaa. Bahari haivukwi bure. Akatua kwenye mtambaazi mkavu. Akageuza kichwa. Akaruka kidogo, akadonoa kitunda cha plastiki.

Kamera sitini zikalia kwa pamoja kama mvua ya mawe kwenye bati.

Kitunda hakikutoka. Ndege akakitazama. Akadonoa tena, akavuta kwa uzito wake wote mdogo, akaachia. Akahamia kitawi kingine. Akadonoa.

"Safi sana," alinong'ona Daktari Ebisawa. "Tena. Fanya tena."

Naye akafanya tena, kwa sababu ana njaa, kwa sababu wazazi wake walikula hapo, na kwa sababu katika safari nzima kutoka Siberia hakuna aliyewahi kumdanganya kwa waya. Kudonoa kwake plastiki kulikuwa na sauti. Tik. Ndogo kabisa. Fusae, na masikio yake ya dobi yaliyochoshwa na mashine, aliisikia kila moja.

Akasimama. Kiti kikaanguka nyuma yake. Akamwendea kikaragosi, akamkamata bawa.

"Tatsuoka! Mwambie aache!"

Kikaragosi akapunga mkono.

"Mwambie ulichompikia! Waambie hawa wageni mlivyokata mtambaazi, mkafagia, mkaja kunywa supu yangu!"

Kikaragosi akatikisa kichwa kwa madaha, upande huu na upande huu, kama alivyofundishwa. Wageni wakaanza kucheka. Walidhani ni mchezo wa tamasha. Mama wa kijiji mwenye hasira na ndege mnene: kuna waliopiga makofi, na kamera mbili tatu zikageuka kuwaelekea.

"Unanipungia mimi mkono? Nimekupakulia nyama, fisi wewe, nikakushukuru, na unanipungia mkono?"

Makofi yakaongezeka. Kikaragosi, asijue la kufanya, akacheza kidogo.

Hapo ndipo malezi mazuri yalipomwisha Fusae. Alimwacha, akatembea moja kwa moja mbele ya stendi zote, akasikia nyuma yake mguno wa watu sitini walioharibiwa picha kwa mpigo, akaushika mtambaazi kwa mikono miwili iliyokamua mashuka maisha yake yote, akajitupa nyuma na uzito wake wote.

Mtambaazi ukashuka. Ulishuka na matawi, na majani makavu, na waya, na plastiki, ukimwagika juu yake kama kamba za meli. Ndege alishatoweka zamani.

"Mama!" Daktari Ebisawa alipata sauti yake. "Wewe ni mwendawazimu? Umemfukuza ndege!"

Fusae alichomoka kwenye lile rundo na majani kichwani, ameshika kitawi.

"Wewe si daktari wa meno? Haya. Tafuna!"

Kitawi kilimpiga kifuani. Daktari akakiokota, akakibonyeza. Hakikubonyea. Akakigeuza, akaona mshono ule mdogo unaokuwa kwenye kila kitu cha plastiki. Kikapita mkono kwa mkono, na kila kilipopita minong'ono ikakoma.

Ndipo kikaragosi akashika kichwa chake kwa mabawa mawili, akakivua.

Mtoto mmoja akalia. Ndani alikuwamo Tatsuoka, mwekundu kama kamba wa kuchemshwa, nywele chache zimemganda usoni. Nyuma yake wanaume wa kitongoji walishajipanga mstari mmoja bila kuambiwa. Wakainama wote kwa pamoja, mbele ya wageni, digrii zilezile, kama milango ya kabati.

"Tunajuta sana kwa usumbufu uliojitokeza."

"Nani alikata?" alisema Fusae. Safari hii hakupiga kelele. "Nauliza kwa mara ya mwisho. Nani?"

Mstari ulibaki umeinama. Mmoja tu ndiye aliyejiinua, yule wa tumbo la chungwa.

"Mimi," alisema Tatsuoka. "Msumeno ni wangu. Nilianza mimi. Wao waliniona naanza, wakashindwa kuacha." Akafuta jasho kwa bawa. "Na ufagio ni wangu."

Huenda ungetarajia wageni wakasirike. Walikasirika kidogo, kwa adabu. Kisha wakakunja stendi zao, kila mtu na utepe wake, wakaanza kuulizana ni wapi tena karibu na hapo ndege yule hupita. Daktari Ebisawa alimsogelea Tatsuoka, akainama, akauliza kwa sauti ya chini iwapo vile vitawi vya plastiki bado vina kazi hapo. Hapana? Basi angeweza kuchukua kimoja? Kwao mjini kuna bustani yenye ndege wazuri na mandhari mabaya. Akachukua vitatu. Kabla ya mchana maegesho yalikuwa matupu, na wanaume wa kitongoji walikuwa wameshuka kwa njia ya kuzunguka, ile isiyopita alipo Fusae.

Yeye alikuwa amepiga magoti chini ya mwaloni. Vitunda vingi vilikuwa vimechomoka kwenye vitawi wakati wa kuanguka, vikatawanyika kwenye majani mekundu, vyekundu juu ya nyekundu, na kila kimoja kingeweza kuingia kooni mwa kiumbe mwenye njaa. Alikuwa anaviokota kimoja kimoja anatia kwenye kapu la chakula.

Tatsuoka hakuwa ameondoka. Alisimama kwa muda na kichwa chake cha sponji kwapani. Mwishowe akakiweka chini, akapiga magoti naye, kwa taabu, maana tumbo la kikaragosi halikutengenezwa kwa toba, akaanza kuokota.

Waliokota wote wawili. Majani yaliendelea kuanguka, yakifunika walipokwisha kusafisha.

"Shemeji," alisema baadaye. "Utanisamehe?"

"Hapana. Kuna kingine hapo, chini ya goti lako."

Akakitoa. Akaendelea. Mara akaganda, mkono hewani, macho juu kwenye tawi la momiji lililokuwa karibu nao.

"Shemeji," alinong'ona, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyesamehewa na mbingu. "Amerudi. Tazama. Yuko pale. Unajua sijawahi kumwona? Miaka yote hii. Hata leo, kwenye lile likichwa huoni kitu."

Fusae aliinua uso haraka kuliko alivyotaka. Akatazama tawi.

"Huyo ni ndege wa hapahapa," alisema, akarudisha macho chini. "Anakaa kwenye paa la choo chako mwaka mzima. Okota."